Nungunungu Ajifunza Kulaza Miiba

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa jamani, na mliokaa karibu na mlango nanyi muitike!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Sogeeni. Mwenye mtoto ampakate, mwenye karanga agawe, na wewe mzee uliyejifanya umelala, najua unasikiliza.

Hapo zamani za kale, zamani zile wanyama walipokuwa wakijifunza mambo ya mikono na miguu, paliishi binti mmoja, jina lake Nungunungu. Aliishi na mama yake katika shimo safi, kando ya mto wa mchanga. Mto ule ulikuwa wa msimu. Masika ulijaa maji. Kiangazi ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, laini, wa kujigaragaza. Na kiangazi mchanga ule ulikuwa uwanja.

Uwanja wa nini? Uwanja wa kung fu!

Mwalimu alikuwa Vunjajungu. Mnamjua Vunjajungu? Yule mdudu wa kijani, mwembamba kama ukuti, mikono kaikunja kifuani kama anayeomba dua. Ndiye huyo. Walisema alitoka mashariki ya mbali, amejificha ndani ya gunia la mchele. Mimi gunia sikuliona. Lakini kung fu yake niliisikia, na aliyenihadithia hakuwa mwongo. Mwalimu alisimama juu ya jiwe kubwa katikati ya mchanga. Alisimama pale ili wanafunzi wamwone. Na tena alisimama pale ili wanafunzi wasimkanyage.

Wanafunzi walikuwa nani? Alikuwepo Ngiri, mzito, mpole, mwenye meno yaliyopinda juu. Alikuwepo Tumbili, mwepesi, mwerevu, mdomo haufungi. Alikuwepo Digidigi, mwenye miguu kama njiti, anayeogopa jani likianguka. Na alikuwepo Nungunungu wetu.

Kila asubuhi, umande haujakauka, utawasikia.

"Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba. Kigodani!"

Basi wanakaa kigodani. Kigoda gani? Kigoda kisichokuwepo! Unakunja magoti, unashusha makalio, unakaa juu ya hewa kama umekaa juu ya kigoda, na huinuki mpaka Mwalimu aseme. Jaribuni nyumbani. Mapaja yanawaka moto. Magoti yanatetemeka, tetete, tetete. Jasho linatiririka puani.

"Mwalimu, bado?" anauliza Ngiri.

"Bado."

"Mwalimu, na sasa?"

"Bado."

Tumbili yeye hakuuliza. Tumbili alikuwa ameuchimbia mkia wake mchangani, ameukalia kama kiti. Mwalimu akimwona anamwambia, "Tumbili, toa mguu wa tatu." Wote wanacheka, na wakicheka wanaanguka, puu! Puu! Puu! Basi wanaanza upya.

Kisha ngumi. "Haa!" Kisha teke. "Haa!" Wote pamoja, sauti moja, mpaka ukingo wa mto unaitikia, haaa. Na wakimaliza wanakwenda chini ya mikuyu kuokota kuyu zilizoiva. Wanakula, wanataniana, kila mmoja anamwonyesha mwenzake pale panapomuuma. "Mimi hapa." "Mimi na hapa." "Mimi mwili mzima, hata masikio." Nungunungu alipenda mafunzo yale. Alipenda maumivu yale, kwa kuwa hayakuwa yake peke yake.

Mambo yakawa mazuri. Yakawa mazuri mpaka siku Mwalimu aliposema, "Leo, wawili wawili."

Ngiri akamchukua Tumbili. Nungunungu akasimama na Digidigi. Mmoja anasukuma kwa kiganja, mwingine anapisha. Anasukuma, anapisha. Polepole, kama maji. Nungunungu alifurahi, maana hakuwahi kucheza na mtu karibu hivyo.

Mara tawi kavu likavunjika juu mtini. Kwaa!

Nungunungu akashtuka. Na nungunungu akishtuka, nini husimama?

Miiba!

Naam. Shakaa! Miiba yote ikasimama, mmoja haukubaki. Digidigi alikuwa karibu, bega kwa bega naye. Ukamwingia mwiba mmoja, ukamwingia mwingine.

"Mamaaa!"

Digidigi akatimka, vumbi likabaki. Walimkuta mbali, kichakani, anatetemeka, miiba imemning'inia begani. Mwalimu akaichomoa kwa mikono yake yenye meno kama msumeno. Nungunungu akasimama kando, analia.

"Nisamehe Digidigi. Sikutaka."

"Najua," alisema Digidigi. Lakini aliposogelewa, alirudi nyuma.

Kesho yake Mwalimu akasema tena, wawili wawili. Ngiri akatazama mchanga. Digidigi akatazama mbali. Tumbili akasema, "Msinitazame mimi! Kwani mimi ni kitambaa cha mshonaji nichomwe sindano?"

Wakacheka kidogo. Nungunungu naye akacheka, lakini kicheko chake hakikufika machoni. Akaenda kando, akatafuta gogo. Akasukuma gogo. Gogo halikupisha. Akalipiga ngumi, haa. Gogo halikusema kitu. Siku ya pili gogo. Siku ya tatu gogo. Wenzake kule wanacheka, wanaanguka, wanainuana. Yeye na gogo.

Mwisho hakwenda.

Mama yake alikuwa akichimba mizizi nje ya shimo. Akamwona binti yake amelala mchana.

"Leo hukwenda?"

"Sikwenda mama. Siendi tena."

"Afadhali," akasema mama. "Sisi Mungu katupa miiba. Mikono ya kupigana ya nini? Babu zako walikuwa wakigeuza mgongo tu, na hata simba alikwenda zake. Aliye na miiba haguswi na mtu."

"Ndiyo mama," akasema Nungunungu. "Siguswi na mtu."

Mama akaacha kuchimba. Akamtazama binti yake.

Na kila asubuhi, kule mtoni, haa! Nungunungu amejikunja shimoni, anasikia. Haa! Miguu yake inajikunja yenyewe, kigodani. Haa! Mkono wake unatoka wenyewe. Anaurudisha kifuani, anafunga macho.

Basi asubuhi moja akasikia hodi.

"Hodi humu."

"Nani?"

"Mimi Digidigi."

Nungunungu akatoa pua nje. Digidigi amesimama hapo, begani kafungwa jani, miguu inatetemeka, tetete, tetete, na wala hakuwa kigodani.

"Umekuja kunidai nini?" akauliza Nungunungu.

"Nimekuja kukuchukua. Turudi mazoezini."

"Ili nikuchome tena?"

"Sikiliza Nungunungu. Mimi naogopa kila kitu. Jani likianguka nakimbia. Ngiri akipiga chafya nakimbia. Jana nimekikimbia kivuli changu, na kikanifuata. Nimechoka kukimbia. Sasa nimewaza. Ninachokiogopa kuliko vyote siku hizi ni wewe. Nikiweza kusimama mbele yako, nitaweza kusimama popote."

Nungunungu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu gogo.

"Kwa hiyo mimi ndiye zimwi lako?"

"Ndiye. Zimwi langu zuri. Twende basi kabla sijabadili mawazo."

Wakaenda. Wakamkuta Mwalimu juu ya jiwe lake. Hakuuliza Nungunungu alikuwa wapi. Alisema tu, "Njooni hapa nyote wawili. Nungunungu, ukishtuka, pumzi yako huenda wapi?"

Nungunungu akafikiri. "Huingia Mwalimu, halafu haitoki. Hukwama hapa."

"Na wewe Digidigi?"

"Na yangu hukwama hapo hapo."

"Basi ugonjwa wenu ni mmoja," akasema Vunjajungu. "Pumzi ikikwama, huyu miiba inasimama, huyu miguu inatoka mbio. Iachieni pumzi. Itoeni yote, polepole, kama mnapuliza uji wa moto. Miiba italala. Miguu itatulia."

Ni rahisi kusema, sivyo? Haya, jaribuni! Walisimama uso kwa uso, mbalimbali kwanza. Tumbili akapewa kazi ya kuwashtua. Ah, kazi ile aliipenda! Akapiga makofi, pa! Shakaa, miiba juu. Digidigi huyooo, juu ya kilima. Wakamngoja. Akarudi, anahema.

"Umekimbia," akasema Nungunungu.

"Sikukimbia. Nilikwenda kutazama kama kilima bado kipo."

Wakaanza tena. Pa! Shakaa. Tena. Pa! Shakaa. Siku zikapita hivyo. Siku nyingine Nungunungu alilia kwa hasira. Siku nyingine Digidigi alichomwa pua, akavimba, akawa anasemea puani, na bado kesho yake alikuja. Mapaja yaliuma, mabega yaliuma, na moyo nao ulichoka. Lakini walikuwa wawili. Mmoja akisema basi, mwingine anasema mara moja tu, halafu basi.

Na siku moja Tumbili akaja kimyakimya, akapiga kelele sikioni mwa Nungunungu, "Wewee!"

Miiba ikasimama nusu. Nungunungu akapuliza. Fyuuu. Miiba ikalala. Ikalala mgongoni, laini, kama nywele zilizochanwa. Na Digidigi alikuwa amesimama pale pale, macho yamemtoka, lakini miguu imo mchangani.

Kisha Digidigi akanyoosha mkono, polepole, akagusa mgongo wa Nungunungu.

"Ni wa joto," akasema.

Mtu hakuwahi kumgusa Nungunungu pale isipokuwa mama yake.

Baada ya hapo Ngiri akaja. "Ngozi yangu nene, nijaribu na mimi." Wakasukumana, wakapishana. Tumbili akaja wa mwisho, amejifunga majani mwili mzima kama mzigo wa kuni. Walimcheka mpaka akayavua mwenyewe. Wakawa wanabadilishana, huyu na yule, yule na huyu. Haa! Haa! Kung fu ikanoga.

Sasa nyamazeni kidogo. Hapa ndipo.

Ilikuwa asubuhi ya jua. Mbingu safi juu ya uwanja. Lakini mbali, kwenye milima, wingu lilikuwa limekaa jeusi tangu jana, na hakuna aliyelitazama. Mwalimu alisema, "Leo simameni mguu mmoja, macho mmeyafunga. Nitakuwa naleta vishindo vya kila namna. Asiyeshtuka ndiye hodari."

Wakafumba macho. Mwalimu akadondosha kokoto, ko. Wakatulia. Akachakarisha majani. Wakatulia.

Mara jiwe likatetemeka chini ya miguu ya Vunjajungu. Akainama, akasikiliza kwa miguu. Akasikia, mmmmmm. Akasikia, gugugugu. Maji! Maji ya milimani yalikuwa yanakuja, ukuta mzima, yamebeba miti na mawe.

"Ukingoni! Kimbieni ukingoni!"

Ngiri akafumbua macho, akatimka. Tumbili akaruka. Nungunungu akakimbia, miguu mifupi, puku puku puku, akapanda ukingo, akageuka. Digidigi hayupo!

Digidigi yuko wapi? Digidigi yuko mchangani, mguu mmoja juu, macho yamefumbwa. Sauti ya Mwalimu ilimezwa na ngurumo. Na ngurumo aliisikia vizuri, lakini alijiambia, hiki ni kishindo cha Mwalimu, leo sikimbii. Maskini! Siku aliyopaswa kukimbia ndiyo siku aliyokuwa amejifunza kusimama.

Maji yakampiga magotini. Akafumbua macho. Akaruka juu ya jiwe la Mwalimu, na maji yakapita huku na huku, ya matope, yenye povu. Akabaki pale katikati, miguu minne juu ya kipande cha jiwe kilichobaki, kidogo kama sinia, na jiwe linazidi kuzama.

"Jamani!" akalia. "Jamani nakufa!"

Mwalimu aliruka juu yake kwa mbawa zake nyembamba, lakini mdudu atambebaje swala?

Ngiri akasema, "Mimi mzito. Mimi nakaa mwanzo." Akauma mzizi mnene wa mkuyu, akaunasa kwa meno yake yaliyopinda, akaingia majini, akakunja magoti. Kigodani! Maji yakamsukuma. Hakwenda.

Tumbili akasema, "Mimi mrefu." Akashika mguu wa Ngiri kwa mikono miwili, akajinyoosha majini, akaurusha mkia nyuma. Na leo mkia haukuwa kiti. Mapaja yake mwenyewe yalimbeba.

Nungunungu akaushika mkia wa Tumbili. Akaingia majini. Yalikuwa baridi. Yalimpiga kifuani, yalimpiga shingoni. Akasogea, akasogea, mpaka mgongo wake ukafika karibu na jiwe.

"Digidigi! Rukia mgongoni kwangu!"

Digidigi akatazama. Akaona nini? Miiba! Imesimama yote, shakaa, mirefu, inametameta kwa maji. Nungunungu alikuwa ameogopa kuliko siku zote za maisha yake. Gogo kubwa lilipita karibu naye, vuuu, na miiba ikazidi kusimama.

"Siwezi!" akalia Digidigi. "Itaniua!"

"Nungunungu, shusha miiba!" Tumbili akapiga kelele. "Mkia unakatika!"

"Nashindwa!"

Ngiri hakuweza kusema, ana mzizi mdomoni. Alinguruma tu. Magoti yake yalitetemeka, lakini hakuinuka.

Vunjajungu akatua juu ya pua ya Nungunungu. Hakupiga kelele. Akasema kama anavyosema asubuhi zote, "Uji wa moto, binti yangu."

Nungunungu akafumba macho. Akatafuta pumzi yake. Ilikuwa imekwama pale pale. Akaipuliza. Ikatoka kidogo, ikakwama. Maji yakamfika mdomoni. Akapuliza tena, povu likatoka. Akaacha kusikiliza maji. Akasikiliza kule nyuma, akamsikia Digidigi naye anapuliza. Fyuuu. Fyuuu. Walipuliza pamoja, kama walivyopuliza asubuhi zile zote.

Miiba ikalala.

Ikalala mmoja mmoja, kuanzia shingoni hadi mkiani. Digidigi akakunja miguu yake ya njiti, akaruka, akatua, akamkumbatia shingo. Hakuchomwa hata mahali pamoja.

"Vuteni!" akasema Mwalimu.

Tumbili akavuta huku anaomba mkia wake using'oke. Ngiri akarudi ukingoni, hatua, hatua, mapaja yanawaka. Na Nungunungu njia nzima alikuwa anapuliza tu, anapuliza, mpaka tumbo lake likaburuza juu ya nyasi.

Mama Nungunungu alikuwa amesikia ngurumo, amekuja mbio. Aliwakuta wamelala chini chungu nzima, wanatapika maji. Akamwona binti yake, na juu ya mgongo wa binti yake akamwona swala mdogo ameng'ang'ania kama kupe.

"Mwanangu!" akasema. "Miiba yako imekwenda wapi?"

"Ipo mama," akasema Nungunungu. "Imelala."

Mama akanyoosha mkono amwondoe Digidigi, kisha akauacha. Akaketi. Akaanza kuwafuta matope, mmoja baada ya mwingine, na ya Ngiri ndiyo yaliyokuwa mengi.

Mwalimu akatikisa mbawa zake zikauke. Akasema, "Digidigi, kosa lilikuwa langu. Nilikufundisha kusimama, sikukufundisha kwamba mafuriko yakija, mtu anakimbia."

"Nimekwisha jifunza Mwalimu," akasema Digidigi, na sauti yake bado iko ndani ya manyoya ya Nungunungu.

"Leo mpumzike. Kesho tutatafuta uwanja mwingine, juu zaidi."

"Kesho?" akasema Tumbili. "Mwalimu, mkia wangu umekuwa mrefu maradufu! Mapaja sina tena! Nihurumie, iwe keshokutwa!"

"Kesho," akasema Ngiri, meno yanamuuma na anatabasamu.

"Kesho," akasema Nungunungu.

Tumbili akawatazama. Akapumua. "Haya, kesho. Lakini nikija na majani yangu msinicheke."

Wakacheka, kwa sauti ndogo ya watu waliochoka. Jua likapanda. Nyasi zikakauka. Ngiri akajilaza, Tumbili akaegemea tumbo la Ngiri, Digidigi akabaki pale pale mgongoni, na katikati yao, ameguswa huku na huku, alikuwa Nungunungu. Usingizi ukawachukua mmoja mmoja. Mwalimu Vunjajungu akatua juu ya sikio la Ngiri, akakunja mikono yake kifuani. Sijui kama aliomba dua au naye alisinzia.

Na funzo lake, wakubwa kwa wadogo, ni hili. Nguvu si kumfanya kila mtu akuogope. Nguvu ni kujituliza mpaka mwenzio akaweza kukuegemea. Na kujituliza huko hakuji kwa siku moja, wala hakuji kwa mtu aliye peke yake. Kunakuja kwa kurudi kesho, na kesho yake, pamoja na wenzako wanaokosea kama wewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, hapo juani walipolala. Tuinuke taratibu, tusiwaamshe.